Sarafu Juu ya Barafu

Vijana wangu, mkifungua friza la mama zenu mkaona kopo la aiskrimu, msifurahi haraka. Ndani mna maharage. Kama si maharage ni sombe, yaani kisamvu, na kama si sombe ni supu ya kwato iliyoganda tangu mwezi uliopita. Binti yangu Anna, akiwa darasa la pili, alimleta rafiki yake wa kizungu nyumbani, akamwahidi aiskrimu ya vanila, akafungua kopo mbele yake kwa madaha. Mtoto wa watu alichungulia, akauliza kwa adabu kama hiyo ndiyo aiskrimu ya Afrika. Anna hakusema nami siku nzima.

Najua mnatucheka kwa makopo yale. Chekeni tu, sisi wenyewe tulichekana. Ila leo nataka niwasimulie siku moja yalivyotuondolea aibu, na nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa sababu nimestaafu na sina pa kukimbilia.

Nilikuwa mtunza jengo hapa Toronto, kwenye jengo la zamani la ghorofa sita pale Weston, karibu na mto Humber. Wenyeji wana jina refu la kazi hiyo. Wapangaji wetu wa miaka ya tisini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na kwetu Tanzania, walilikata likabaki Supa. Nilibatizwa Barnaba, lakini hata mchungaji aliniita Papa Supa. Supa hana ofisi. Ana funguo kiunoni, ndoo, na simu isiyonyamaza. Choo kikiziba, Supa. Mtu akijifungia nje na taulo, Supa. Watu wakigombana korido nzima kwa ajili ya harufu ya dagaa, Supa tena, na pengine dagaa wenyewe ni wa mke wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mjamaika mmoja, Clifton, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekuwa Supa kabla yangu na aliyebakiza miezi michache astaafu. Huyo alinionyesha jinsi ya kutoa hewa kwenye redieta, yale mabomba ya ukutani ya kupasha nyumba joto, inapogonga: huipigi nyundo, unafungua skrubu yake ndogo, unakinga kikombe, unasubiri hewa ipumue mpaka maji yatoke, unafunga. Alinionyesha kubandika nailoni kwenye madirisha kabla ya baridi kuingia, kisha kuikaza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka inyooke. Bomba linalodondosha maji alilichukia kama mdaiwa wake. Alitembea na mpira wa koki mfukoni, na akisikia tone, hata akiwa mgeni kwenye nyumba ya mtu, aliomba spana.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nilitaka kumfurahisha mwenye nyumba. Nikaona chumba cha mashine za kufulia kina joto usiku kucha na hakuna mtu, nikalifunga lile joto. Nilijiona mjanja sana. Jumapili bomba likaganda, likapasuka, na maji yakashuka ngazi kama yamealikwa. Clifton alifika na mabuti yake, akasimama katikati ya maji, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umemwokolea kikombe cha mafuta," aliniambia. "Sasa atamlipa fundi bomba wa Jumapili."

Tangu hapo, kila nikitaka kubana mahali najiuliza kwanza patapasuka wapi. Nyinyi pia jiulizeni, hasa mnaoruka mlo ili mnunue viatu.

Mwenye nyumba wetu yeye hakujiuliza kamwe. Alikuwa na magari mawili na moyo wa kubana kila senti isiyotumika kwake mwenyewe. Chini kabisa kwenye jengo kulikuwa na stoo iliyotumika zamani kuwekea makaa ya mawe, haina redieta, na kidirisha chake kidogo kinachotokea usawa wa ardhi kilikuwa kimevunjika kioo. Nilimwomba kioo mara tatu.

"Stoo haina mtu," akasema. "Baridi itamuumiza nani?"

Basi nikakata kadibodi ya boksi la jokofu, nikaibandika kwa gundi ya karatasi, nikamlaani kimoyomoyo kila nilipopita pale.

Humo stooni ndimo tulimoweka friza letu. Nasema letu kwa sababu familia kadhaa tulichanga tukalinunua, kuukuu lakini zima, lile la kulala lenye mfuniko wa juu, linaloweza kummeza mtu. Kila mwaka majani yakianza kuanguka tulikwenda shambani nje ya mji kununua ng'ombe mzima na mbuzi, maana nyama ya dukani ilikuwa haishikiki. Jirani yetu Mwislamu wa ghorofa ya pili ndiye aliyechinja, kama ilivyo desturi kwetu, ili asiwepo wa kubaki nje ya sufuria. Mkulima alikuwa karibu kutupa kichwa, kwato na utumbo. Mke wangu akaviomba. Yule mzee akauliza kama tunafuga mbwa.

"Ndiyo," mke wangu akajibu. "Wakubwa sana."

Kutoka siku ile kila mwaka mkulima alituwekea chakula cha mbwa wetu bure, na alituma salamu kwao.

Tulipomaliza kupanga nyama nilifanya jambo alilonifundisha Clifton. Kwao vimbunga huja, umeme hukatika, mtu anaikimbia nyumba, na akirudi umeme umeshawaka na friza linaunguruma kama hakuna lililotokea. Utajuaje kama chakula kiliyeyuka kikaganda upya? Unachukua kikombe cha maji, unagandisha, kisha unaweka sarafu juu ya barafu na kukiacha humo humo. Ukirudi ukakuta sarafu iko juu, kula. Ukiikuta imezama chini, barafu iliyeyuka siku moja ukiwa haupo, na nyama nayo iliyeyuka. Tupa bila kuonja. Fanyeni hivyo makwenu, ni sarafu moja tu.

Aliyeumia kwa sarafu ile alikuwa Gervais.

Gervais alitoka Bukavu, akaishi ghorofa ya nne na mke na watoto, akafanya kazi kiwanda cha plastiki. Sijaona mtu wa kubana matumizi kama yeye, na nimeona wengi. Dawa ya meno aliipasua kwa mkasi ili apanguse ya mwisho. Koti la baridi alilinunua mwezi wa nne, maduka yanapoyaondoa kwa bei ya kutupa, akalitundika kabatini akisubiri theluji irudi. Makopo ya aiskrimu na ya mtindi aliyapanga jikoni mpaka darini, yameoshwa, kila moja na mfuniko wake. Kwao kila kitu kilichomolewa ukutani kisipotumika. Usiku mmoja alichomoa hata saa ya kumwamsha, akafika kiwandani wenzake wanakula chakula cha mchana.

Alipoiona sarafu kwenye kikombe alisikitika kweli.

"Papa Supa, unafungia feza ndani ya baridi? Utaikula lini?"

"Hiyo ni askari wetu. Iache."

Aliiacha, lakini kila tulipofungua friza aliitazama kwa huruma.

Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Spesioza, sisi tulimwita Spesi. Alifika hapa peke yake kutoka Bujumbura, mkimbizi, hana baba, hana mama, hana hata binamu. Alipanga chumba kwa familia moja ghorofa ya kwanza na alihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Mpole, mcheshi, anaimba ngazini. Akapata mchumba, kijana Mkongomani wa mtaa wa Regent Park, mwenye ukoo mkubwa wenye wajomba na shangazi wasiohesabika. Siku ya kutambulishana mama wa kijana alimtazama Spesi, akamgeukia dada yake na kuuliza, si kwa sauti ndogo sana:

"Huyu mutoto iko na kwabo?"

Spesi alisikia kwamba anaulizwa kama ana kwao. Alirudi Weston akaja kwetu moja kwa moja, akakaa jikoni na koti lake mwilini, akalia. Mke wangu hakumbembeleza sana. Alimpa chai, akatoka, akagonga milango ghorofa zote. Kabla ya saa mbili usiku wanawake walikuwa wameshaamua kwamba sisi ndio kwao. Harusi itapikwa na jengo, nyama ya friza letu yote ni ya Spesi, na hao wa Regent Park watakula mpaka waone haya.

Baba wa kumsindikiza alitakiwa, na Gervais ndiye aliyefaa: mtu mzima, wa upande wa pili tu wa mpaka, anayejua kuzungumza na wale wakwe kwa namna yao. Tulimwendea tukiwa tumejiandaa kwa mabishano marefu, maana baba wa bibi harusi ana gharama zake. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

"Mi nilibana feza ju ya nini?" akasema, na mkewe akafuta machozi kwa kitenge.

Harusi ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa pili, kwa sababu ukumbi wa kanisa katikati ya baridi kali hakuna anayeutaka na bei inashuka. Naam, hata tarehe ya harusi tuliinunua kwa punguzo.

Alhamisi ya wiki ile nilikuwa kwenye chumba cha boila, napanga kuteremsha mabeseni kwa ajili ya kuyeyushia nyama. Gervais akaingia na nguo za kiwandani, kofia mkononi.

"Papa Supa, mi niliua ndoa."

"Umeua nini?"

"Ndoa ya Spesi. Nilitosha prize ya ile frigo."

Kwao kutosha ni kuchomoa na prize ni plagi. Nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka. Ikawa hivi: Jumapili baada ya ibada alishuka stooni kuchukua kigari cha mtoto, akaliona friza linaunguruma peke yake gizani. Mwenye nyumba alikuwa amebandika tangazo kila ghorofa kwamba kila kisichotumika kichomolewe, la sivyo atatukatia umeme wa stoo. Gervais akaona alipumzishe friza usiku mmoja tu, kama alivyopumzisha kila kitu kwake, na asubuhi alirudishe. Asubuhi akaenda zamu, akasahau. Akakumbuka Jumatano jioni, mikono ikiwa kwenye mashine, akakimbia nyumbani na kuchomeka tena bila kumwambia mtu.

"Usiku mzima sikulala," akasema. "Hii haya nitaipeleka wapi? Mi ndio baba!"

Mke wangu naye akatokea na beseni kichwani, akasikia mwisho wa maneno. Tulifuatana watatu hadi stooni. Mfuniko wa friza ulikuwa na vumbi jeupe, nikalipangusa kwa mkono bila kufikiri, nikafungua. Mke wangu akachomeka kisu kwenye paja la mbuzi. Hakikuingia hata ncha.

"Iko nguvu!" Gervais akapiga kelele. "Iko nguvu kama libwe! Mungu asifiwe!"

"Jiwe ni jiwe, lakini bado," nikamwambia.

Maana friza lilikuwa limewaka tena tangu jana yake jioni. Nyama inaweza kulainika siku tatu, ikaharibika, kisha ikaganda upya juu juu, na kisu kisikuambie lolote. Mke wangu alilijua hilo sawasawa.

"Barnaba," akasema, na ananiita hivyo mambo yakiwa mazito tu, "nikiwalisha wale watu wakaenda kuharisha, huyu mtoto atasemwa mpaka azeeke. Na nikiitupa, sina cha kuwapa. Niambie nifanye nini."

Pesa ya kununua nyingine hatukuwa nayo, kila mtu alikwisha kujikamua kwa ukumbi na gauni. Nikaanza kutafuta kikombe. Nilitoa mafurushi ya nyama moja moja, vidole vinaniuma, mpaka nikakipata kwenye kona. Nikakitazama. Juu palikuwa peupe tupu. Sarafu haikuwapo.

Mke wangu akamgeukia Gervais taratibu.

"Siyo miye!" Gervais akainua mikono yote miwili. "Mama, naapa kwa watoto yangu, sikubeba ile feza! Niliitamani, ndiyo, lakini sikubeba!"

Basi imezama, nikawaza. Nikakigeuza kikombe nione chini, lakini kilikuwa cha udongo, hakionyeshi kitu. Nikabaki nakisugua tu kwa kidole gumba, mtu akikosa la kufanya hufanya hivyo. Ule weupe ukatoka. Haukuwa barafu ya kikombe, ulikuwa ukungu ulioganda juu yake kwa miezi. Nikasugua tena, na kucha yangu ikagonga chuma.

Sarafu ilikuwa juu, mahali pale pale nilipoiweka.

Sikuamini. Nikampa mke wangu asugue mwenyewe, akasugua, akampa Gervais. Gervais alijaribu kuing'oa kwa kucha, haikutikisika. Halafu nikahisi upepo shingoni, nikageuka. Ile kadibodi yangu ilikuwa imebanduka iko sakafuni, na kupitia kidirisha kisicho na kioo theluji ilikuwa inaingia mpaka ndani. Nikauangalia mkono wangu uliolowa. Vumbi jeupe nililopangusa juu ya mfuniko halikuwa vumbi. Wiki ile nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope, na ndani ya stoo ilikuwa hivyo hivyo. Friza lililojaa hutunza baridi yake lenyewe muda mrefu, na letu lilikuwa limejaa hadi kwenye mfuniko, limekaa ndani ya chumba kilichogeuka friza jingine.

Gervais alikaa juu ya ndoo yangu akalia kama mtoto. Mimi nilijikaza kwa dakika moja, kisha nikalia pia, na sioni haya kuwaambia. Furaha nimepata nyingi maishani, ila ahueni kama ile, ya kuona jambo baya limekupita karibu kabisa likaenda zake, nimeipata mara chache. Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka.

"Kampigie simu mwenye nyumba," akasema. "Mshukuru kwa ubahili wake."

Jumamosi Gervais alivaa koti lake la mwezi wa nne akamwingiza Spesi kanisani, amejinyoosha utadhani amemeza ufagio. Wakwe walikuja wengi kuliko walivyosema, kama tulivyotarajia. Wakala pilau, wakala nyama ya kuchoma, na supu ya kwato za mbwa wetu wakubwa waliiomba mara ya pili. Chakula kilibaki. Hapo mke wangu alimwangalia Gervais, na Gervais akawatuma watoto wake. Walirudi wamebeba makopo minara kwa minara, ya vanila, ya chokoleti, ya stroberi, na kila mkwe aliyetoka mlangoni alifungiwa lake. Mama wa kijana alipewa mawili. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaondoka.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Mwenye nyumba. Alikuwa amefikiri, akasema, na kile kioo cha stooni ninunue tu.

"Wala usijali," nikamjibu. "Hakuna haraka."

Jumapili iliyofuata nilikuwa nasugua sakafu ya mlango mkubwa, kwa sababu theluji ikiyeyuka viatuni mtu huanguka. Nikamwona mama mmoja nje, amesimama kwenye baridi, anaangalia vitufe vya kengele asijue abonyeze kipi. Amefunga kitambaa kizuri kichwani, mkononi ana mfuko wa plastiki. Nikamfungulia. Alikuwa mama wa kijana, ametoka Regent Park kwa basi, peke yake. Kwenye mfuko mlikuwa na makopo yetu mawili, na kwa sababu huko tulikotoka chombo cha watu hakirudishwi kitupu, kutoka kwenye mifuniko ilikuja harufu ya maandazi, bado ya moto.

"Papa, samahani," akaniambia. "Kwabo na Spesi ni fasi gani?"

Nikamwambia ghorofa ya nne, mlango wa kushoto, kwa baba yake Gervais. Halafu nikaona haitoshi. Nikaweka fagio chini, nikampokea mfuko, nikampeleka mwenyewe.